Koti la Bwana Maloni

Mmeniuliza dukani, mmeniuliza kanisani, na juzi mama mmoja kanisimamisha kwenye foleni ya maji, ndoo kichwani, anataka nimweleze yote pale pale. Nimechoka kueleza vipande vipande. Naandika hapa mara moja, mtasomeana. Atakayeniuliza tena nitamshonea suruali yenye mguu mmoja mfupi.

Kwa asiyenijua, mimi ni Sara Maloni, fundi cherehani hapa Tunduma. Nashona suti, makoti na sare za shule, na nusu ya wateja wangu wanavuka mpaka kutoka Nakonde. Sisi ni Wanyiha wa Ihanda, lakini jina Maloni si la Kinyiha. Ni la Mzungu wa Ailandi. Tumelelewa tukiambiwa kwamba babu yetu alifanya kazi kwenye shamba la kahawa la Bwana Maloni, Mzungu akampenda kama mwanawe wa kumzaa, akampa koti lake na jina lake. Kila mwaka kwetu, kabla mtu hajatia mdomoni hindi bichi la kwanza, mkubwa wa familia husimama akamshukuru Mungu kwa ajili ya Bwana Maloni. Tunafumba macho kabisa.

Sasa huko Itumba, Ileje, wapo Maloni wengine. Hao ni Wandali, kabila jingine kabisa. Marehemu baba hakujua walilipata wapi jina hilo, ila alishakata shauri: Mzungu akiwapa watu wawili jina lake, amewafanya wote wawili watoto wake, na watoto wa baba mmoja hawaoani. Maloni haolewi na Maloni. Mambo ya damu hayakumsumbua hata kidogo.

Sheria hiyo ilianza na mimi. Nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, kijana wa Itumba aitwaye Ambakisye Maloni aliniposa. Baba hakuondoka kwenye kiti chake. Aliandika barua ya mistari mitatu, akaituma, yakaisha. Nilitii. Ambakisye akaoa kwingine, mimi sikuolewa, na watu wanasema ni kwa sababu ya mdomo wangu. Mdomo ninao, sikatai, lakini ulikuja baadaye.

Basi mwaka huu Neema, binti wa kaka yangu Eliya, kapata mchumba chuoni. Nchi yote hii na vijana wote waliojaa, yeye kampata Asajile Maloni wa Itumba, mtoto wa Ambakisye! Tangazo la kwanza la ndoa lilikuwa lisomwe kanisani Jumapili. Eliya akasema halisomwi, Maloni haolewi na Maloni. Alhamisi Neema akaja dukani, akakaa kwenye gunia la vitambaa.

"Shangazi," akasema, "ukimshindwa baba, mimi siolewi na mwingine. Nitakaa tu kama wewe."

Hakusema kwa ubaya. Lakini siku hiyo nilishona mikono miwili ya kushoto kwenye koti moja.

Tunduma, kwenye cherehani

Ijumaa asubuhi aliingia Mzungu mwembamba, amebabuka pua, anasukuma baiskeli. Anatoka Nairobi anakwenda Cape Town kwa nguvu ya miguu yake mwenyewe, na hakuna aliyemfukuza. Begi lake la baiskeli lilikuwa limechanika upande mzima. Kiswahili alijifunza Moshi miezi mitatu, na huko mtu fulani alimfundisha kwamba shikamoo ni adabu lakini hakumwambia anapewa nani. Aliniamkia mimi, akamwamkia mtoto wa jirani wa miaka minne, akainama akamwamkia na bibi muuza karanga. Yule mtoto akajibu "marahaba" bila aibu.

Nikiwa nashona begi lake akaona mkebe wangu wa lebo. Mnazijua, zile za utepe mweupe, zimeandikwa MALONI – TUNDUMA, nazitia shingoni kwenye kila koti ninalouza. Mzungu akaishika moja akacheka.

"Mama," akasema, "hili ni jina la mama yangu!"

"Mama yako nani?"

"Mama yangu ni Maloni. Sisi ni watu wa Ailandi."

Mguu wangu ulitoka kwenye pedali wenyewe. Nikamwuliza jina, akasema anaitwa Kierani. Nikamwuliza kama huko kwao Maloni wote ni ndugu. Akasema hapana, wapo wengi mno, wamejaa nchi nzima na Marekani, hawajuani wala hawazikani. Na historia ya jina anaijua? Anaijua yote, mama yake alimchosha nayo tangu utotoni.

Jamani! Shahidi nimeletewa mpaka mlangoni, na begi juu.

Nikamweleza habari ya Neema, nikamwambia tunakwenda kwa kaka yangu, aseme hayo hayo aliyoniambia. Akasema samahani, lazima avuke mpaka leo. Nikamwambia avuke tu, ila begi lake litakuwa tayari nikirudi, na mimi sirudi leo. Akaliangalia begi, akaniangalia mimi, akaiegemeza baiskeli ukutani.

Kuelekea Mlowo

Eliya alikuwa Mlowo na kahawa yake, kwa hiyo tuliomba lifti kwenye lori la mahindi lililokuwa linaelekea huko. Mnajua foleni ya malori ya hapa kwetu. Tulikaa hatua chache kutoka duka langu muda wa saa mbili. Dereva alizima injini, akavua viatu, akalala. Kierani akauliza kwa upole kama ingekuwa haraka zaidi kutembea. Nikamwambia ndiyo, lakini tukitembea tutaonekana hatuna usafiri. Akaliwaza hilo mpaka tulipofika Mpemba.

Pale kwenye foleni alikula mahindi ya kuchemsha manne, ndizi, na karanga zote za bibi yule. Nyama aliikataa. Nilipomnunulia mshikaki akasema yeye hali nyama. Nikamwuliza kama ni mgonjwa. Akasema hapana, anawahurumia wanyama. Dereva aliamka kwa ajili ya neno hilo, akamtazama sana, kisha akaula mshikaki yeye.

Mlowo ilikuwa imefurika wanunuzi na wauzaji wa mazao. Nilimwacha Kierani kwenye kibaraza cha duka dakika tano nikamtafute Eliya. Mzungu peke yake, msimu wa kahawa, Mlowo! Niliporudi walikuwa wamemzunguka wakulima kama ishirini, kila mmoja na kiganja cha kahawa kavu. Mmoja alikuwa amemnyooshea kiganja, na yeye kwa adabu zake alikuwa ameinama, akanusa, akasema, "Nzuri sana." Basi yule wa pili akataka naye anusiwe. Alipofika wa saba akawa anatafuna kabisa na kutikisa kichwa, maana aliona hao wa mbele wamefurahi. Mzee mmoja alimwuliza bei. Kierani akadhani anaulizwa anatoka wapi, akajibu, "Mbali sana." Kibaraza kizima kikashangilia kwamba bei iko juu.

Eliya aliwapangua watu kwa kiwiko. Mnamkumbuka kaka yangu, mrefu, kofia yake ya pama haimtoki kichwani hata mbele ya daktari.

"Sara," akasema, "huyu umeniletea mnunuzi au umejipatia mchumba?"

"Nimekuletea Maloni," nikamjibu. "Mama yake ni Maloni wa huko huko Ailandi."

Eliya alivua pama. Kweli nawaambia, aliivua, katikati ya Mlowo, na kipara chake kikawaka jua. Kierani akamwambia shikamoo, na hiyo ilikuwa moja ya mara chache siku ile kumwangukia mtu anayestahili.

Ihanda, kipara cha Yohana

Tulifika Ihanda jua likiwa bado juu, na habari zilikuwa zimetangulia. Wifi yangu alikuwa ametandika mkeka, ugali na maharage tayari, majirani wamejipanga ukutani. Neema alikaa karibu na mlango, anakunja pindo la kitenge chake.

"Sema yote," nikamwambia Kierani. "Sema ulivyoniambia."

Akaanza vizuri. Zamani sana, akasema, kando ya mto mkubwa kulikuwa na nyumba za watawa. Baadhi yao walijiita watumishi wa Mtakatifu Yohana, na kwa lugha yao ya kale ndiko jina Maloni lilikotoka. Walitoa mapadri, maabati, maaskofu. Ailandi ilipotawaliwa na Waingereza jina likaandikwa Kiingereza, na njaa ilipopiga nchi yao watu wengi wakapanda meli, ndiyo maana leo Maloni wako kila mahali na hawajuani.

Hapo ningemziba mdomo kwa tonge, kesi ingekuwa imekwisha. Lakini alikuwa amenogewa.

"Na lile neno la mwanzo," akasema, "maana yake hasa ni mtu mwenye kipara. Watawa walinyoa nywele. Kwa hiyo Maloni ni kama kusema, kipara wa Yohana."

Watu wote wakageuka kumtazama Eliya, kisha baba yetu mdogo, kisha picha ya marehemu baba ukutani. Kwetu hakuna mwanamume aliyevuka miaka thelathini na nywele.

"Mnaona?" akasema Eliya. "Mnaona jina linavyofanya kazi?"

"Kaka, hata mzee wa duka la mbolea ana kipara."

"Na Ambakisye?" akaniuliza. "Ambakisye ana nywele?"

Nilikuwa nimemwona mara moja Itumba sokoni, miaka mingi nyuma, kwa mbali. Hakuwa nazo.

Jirani mmoja akauliza, kama wale Maloni wa kwanza walikuwa watawa, watoto walitoka wapi. Kierani akasema hilo hata wao hawaulizani. Watu wakacheka, nikaona upenyo, lakini Eliya akainua mkono.

"Kijana, niambie jambo moja tu. Huko kwenu, Maloni anaweza kuoa Maloni?"

Nilimkazia macho Kierani mpaka yakauma. Akatabasamu.

"Ndiyo kabisa! Babu na bibi yangu, wazazi wa mama. Babu alikuwa Maloni, na bibi pia alikuwa Maloni!"

Mwiko ulimdondoka wifi. Mama mmoja akamfunika mtoto wake masikio. Eliya alikaa chini taratibu akamtazama Kierani kwa huruma, pua iliyobabuka, mifupa ya magoti, kutokula nyama, kuendesha baiskeli mpaka mwisho wa bara bila sababu.

"Ndiyo yanayotokea," akasema. "Ndugu wakioana, ndiyo yanayotokea."

Neema aliinuka akatoka nje. Nilimsikia analia nyuma ya jiko.

Halafu kikaja kituko kingine. Eliya alifikiri, akapiga goti kwa kiganja. Mama yake kijana ni Maloni, sisi ni Maloni, basi sisi wajomba zake na yeye ni mpwa wetu. Na mpwa kwetu hakai kama mgeni, anafanya kazi ya nyumba ya wajomba: anapasua kuni, anachinja. Akapewa kisu na jogoo. Mtu asiyekula nyama! Alimshika jogoo kifuani, wakatazamana. Mwishowe jogoo alimponyoka akapanda juu ya paa, na Kierani akaapa kwamba ni bahati mbaya. Tukala maharage.

Mimi sikuwa na njaa. Nilimfuata Eliya kwenye shamba lake la kahawa.

"Kaka, baba aliandika barua. Hakwenda. Mama yake Ambakisye, Bibi Tusekile, bado yuko hai. Twende kesho Itumba umwulize mwenyewe jina lao lilitoka wapi. Akisema Bwana Maloni aliwapa kama alivyompa babu, mimi sitafungua tena mdomo juu ya jambo hili."

"Wewe? Utanyamaza?"

"Nitanyamaza."

"Maisha?"

"Maisha."

Eliya akaita mashahidi. Wifi akasema aende hata kwa kutambaa, nafasi kama hiyo haiji mara mbili.

Mpemba, tukimsubiri mtu

Jumamosi alfajiri tulikuwa Mpemba, kwenye njia panda ya kwenda Ileje. Eliya na suti yake nyeusi, kuku jike kwapani kama zawadi, Kierani nyuma yetu anawaamkia makonda. Tulipanda Noah iliyobaki na nafasi chache. Dereva akasema tunaondoka sasa hivi, bado abiria watatu tu, wameshalipiwa, wako njiani.

Tukasubiri nusu saa. Tukasubiri saa nzima. Baridi ya asubuhi ilikuwa inauma, na kuku wa Eliya akaanza kulalamika.

"Hawa ni watu gani?" Eliya alifoka. "Watu wazima wanachelewesha gari zima! Hawana hata haya!"

"Tuwaache," nikasema. "Wakija watajua wenyewe."

Abiria wengine wakaunga mkono. Dereva akasema hawezi, ameahidi, ni wazee wanaokwenda kwenye mambo ya posa. Eliya akasema wazee wa namna hiyo ndio wanaoharibu ndoa za watu. Saa na nusu ilipotimia dereva akapiga simu, akasikiliza, akageuka akatutazama. Akauliza kama kati yetu kuna Mzee Eliya wa Ihanda, dada yake, na Mzungu.

Neema alikuwa amempigia Asajile, na Asajile alikuwa ametulipia nauli na kuomba dereva atusubiri. Tulikuwa tumekaa ndani ya gari saa na nusu tukijisubiri wenyewe. Kierani alijizuia kucheka mpaka Isongole, akashindwa. Na mimi nikashindwa, na mwishowe hata Eliya mabega yakaanza kumtikisika.

Tulipoanza kupanda kuelekea Itumba kicheko kiliniisha. Nilijikuta nalainisha kitenge changu magotini. Miaka thelathini na zaidi nilijiambia sijali, na kumbe nilikuwa nimevaa hereni.

Itumba

Mama Asajile ndiye aliyetupokea. Mfupi, mikono ya kazi, alinishika vidole vyote kumi na kuniambia, "Karibu dada, nimekusikia sana." Nilikuwa nimejiandaa nimchukie kidogo, nikashindwa pale pale. Alikuwa amepika ndizi na maharage, na chai ya maziwa moto wa kuunguza. Nyuma yake akatoka Ambakisye. Amenenepa, anavuta mguu, na kichwani hakuna unywele hata wa dawa.

"Unaona?" Eliya alininong'oneza sikioni. "Kipara."

"Karibuni," akasema Ambakisye. "Sara."

"Ambakisye," nikasema. Mdomo wangu huu wote, na hilo ndilo lililotoka.

Tuliketishwa sebuleni. Eliya alikohoa kuanza hotuba, na hapo mlango wa chumbani ukafunguka akatoka Bibi Tusekile, mkongwe, amejikunja, fimbo mkononi. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Eliya, akamvua pama, akaiweka kwenye kiti chake, akaikalia.

"Mnyiha wa Ihanda," akasema, "mmekuja kufuata koti lenu? Mmechelewa, nzi wakubwa nyie."

Eliya alipauka. Aliinuka kabisa, akamshika kuku wake, akasema hakuja kutukanwa. Lakini mimi nywele zilinisimama. Mtu hatukanwi hivyo na mkwe, wala na ndugu. Anatukanwa hivyo na mtani.

"Bibi," nikasema, "koti gani?"

"Koti la Maloni. Kuna lingine?"

Akatueleza, huku anacheka mpaka anafuta machozi. Mumewe alikuwa kibarua kwenye shamba lile lile la kahawa pamoja na babu yetu. Watu wa milima yao na watu wa Ihanda walikuwa watani, na babu yetu alipofiwa na mama yake, wakaja msibani kufanya utani wao. Walilala mlangoni jeneza lisipite, wakabeba vyungu, wakawaiga waliao. Mumewe akaliona koti limetundikwa kwenye msumari. Akalivaa. Babu akasema livue, yeye akasema likomboe, kwa jogoo mmoja tu kama ilivyo desturi. Babu yetu mkono wake ulikuwa mgumu. Hakukomboa.

"Sasa karani wa lile shamba," Bibi akaendelea, "majina yetu hayakumkaa. Alikuwa anakushika ukosi, anaangalia koti limeandikwa nini, anakuita hivyo. Babu yenu alikuwa Maloni kwa sababu ya lile koti. Koti likahamia kwa mume wangu, naye akawa Maloni. Asiyeitika haandikiwi siku yake ya kazi. Akaitika."

"Na Bwana Maloni mwenyewe?" akauliza Eliya, bado amesimama. "Aliyempenda babu kama mwanawe?"

"Bwana Maloni yupi? Yule Mzungu tulimwita Bwana Mbuzi, kwa zile ndevu. Jina lake jingine silijui. Hakumpenda mtu. Koti alilitupa, panya walikuwa wamelitoboa mfuko, babu yenu akaliokota."

Ambakisye alilitoa sandukuni. Koti zito la sufu, rangi ya kahawia, kiwiko kimetiwa viraka viwili. Eliya alinyoosha mikono kulipokea kama anapokea mtoto wa kubatizwa. Nikamwambia, nipe mimi.

Mikono yangu imeshika makoti maisha yote. Niligeuza ukosi. Jina la mwenye koti huandikwa kwa wino, au kwa uzi wa mkono, pembeni, lisionekane. Hili lilikuwa katikati, kwenye utepe uliofumwa, ncha zake zimekunjwa na kushonwa kwa mashine, na chini yake namba ya kipimo. Nilijua kabla sijalisoma. Nazishona kama hizo kila siku ya Mungu.

"Kierani," nikasema, "wasomee."

Akasogea dirishani. "Maloni na Wanawe," akasoma, akitafsiri kutoka Kiingereza. "Mafundi wa Makoti." Mji ulioandikwa chini yake ulikuwa umeliwa na nondo.

Hata kuku alinyamaza.

"Kila mwaka," akasema Eliya. "Kabla ya mahindi."

"Ndiyo, kaka. Tumekuwa tukimwombea fundi cherehani."

Akakaa. Alikaa vibaya, nusu juu ya kuku. Akashika kipara chake kwa mikono miwili, kisha nikaona mdomo unamcheza, na akaanza kucheka kile kicheko cha baba yetu, cha tumboni. "Fundi!" akasema. "Fundi hazai mtu kwa koti!" Bibi Tusekile akamgonga kwa fimbo gotini, akamwambia watani hawana undugu, wana ugomvi, na kwenye ndoa ugomvi utakuwepo tu, afadhali wenye mazoea. Eliya akamkabidhi yule kuku kulikomboa koti. Bibi akampapasa, akasema desturi ni jogoo, lakini kwa Mnyiha atapokea. Kisha Eliya akatoka nje kumpigia simu mzee wa kanisa, tangazo lisomwe kesho. Alipiga kelele mpaka bonde zima likajua.

Wote wakafurahi. Mimi nikabaki na koti mapajani.

"Bibi," nikamwuliza, "haya uliyajua siku ile barua ya baba yangu ilipofika?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

Aliacha kucheka. "Nimwambie nani, mwanangu? Ilikuja karatasi. Mimi sijui kusoma. Waliniambia imeandikwa hapana, na chini jina la baba yako. Angekuja mtu, ningemnyang'anya kofia, tukacheka, ningemwambia kama nilivyowaambia leo. Nilikaa nikisubiri labda mtu atakuja."

Nililia. Sioni aibu kuwaambia. Nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Kumbe ilikuwa nauli ya gari tu na kofia moja. Mama Asajile alikuja akaketi karibu nami, akanipa pindo la kitenge chake nijifute, na hakuuliza chochote kwa sababu alikuwa anajua yote. Aliponipa na mkungu wa ndizi niondoke nao, nikalia tena.

Ambakisye alitusindikiza mpaka kwenye gari. "Mimi nilidhani ni wewe uliyekataa," akasema.

"Sikuulizwa," nikasema.

Akatikisa kichwa, akanipandishia ndizi zangu kwenye gari, akarudi kwake akivuta mguu.

Nyumbani

Jumapili kanisani Ihanda lilisomwa: Neema Eliya Maloni na Asajile Ambakisye Maloni. Watu wakaanza kunong'ona. Eliya akasimama kwenye benchi la mbele, akageuka, akasema kwa sauti, "Ni watani!" akakaa. Neema aliangalia chini kama inavyompasa mchumba, lakini mabega yake niliyaona.

Jumatatu nilimmalizia Kierani begi lake. Aliomba nitie lebo moja ndani kwa ajili ya mama yake, nikamshonea, kwa kuwa ni mpwa. Nilimwambia amweleze mama yake kwamba katika Maloni wote tuliokutana nao safari ile, wenye vipara na wenye nywele, anayefanya kazi ya jina hilo ni mimi peke yangu. Alivuka mpaka akiwaamkia malori.

Mkebe wa lebo nimeufunga. Jana alikuja mteja wangu wa Nakonde kuchukua koti lake, akageuza ukosi, akaniita mama kwa lugha ya kwao, "Bamayo, mbona safari hii hukuniwekea jina?" Nikamwambia sitii tena. Akasema lilikuwa linapendeza, kazini wameshaanza kumwita Maloni.

Nilimvua koti la zamani mgongoni, nikachukua mkasi, nikafumua lebo yake uzi kwa uzi. Ana mtoto wa kike, aliwahi kunionyesha picha yake, naye siku moja ataposwa.